Shimo lenye mkeka juu

Leo hatukuja kusema juu ya umeme, wala maji, wala barabara. Hayo tutayarudia, mnatujua. Leo tunataka kusema juu ya hadithi za watoto. Msicheke kwanza. Tupeni nusu saa.

Mnajua kwamba kila Jumamosi mchana tunakusanya watoto wa mtaa hapa chini ya mwembe. Tulianza kwa kuwasomesha, kwa sababu tuliona mtoto wa mwaka wa nne hawezi kusoma jina lake ubaoni. Sisi wenyewe tuko na diploma za universite, tumekaa nyumbani, barua za kuomba kazi tumepeleka mpaka viatu vimeisha. Tukasema basi, angalau hii akili tuliyolipiwa na wazazi itumike mahali. Lakini vitabu hatukuwa navyo. Kimoja tulichopewa kilikuwa cha mtoto anayetafuta mbwa wake katika theluji. Watoto wakauliza theluji ni nini. Tukasema ni kama barafu ya ndani ya friji. Mmoja akasema: "Kwetu friji njo kabati ya viatu, umeme haikuyaka siku mingi." Tukafunga kile kitabu.

Ndipo tulipokumbuka kwamba hii nchi iko na hadithi zake za watoto wanaokwenda mbali, wanaojaribiwa, wanaorudi wakiwa watu wa maana. Mtoto wa dunia nzima anapenda hadithi ya namna hii, kwa sababu kila mtoto anataka ifike siku watu waseme: huyu naye ni mtu. Shida yetu hapa Kolwezi ni kwamba jaribio limeshatayarishwa, na liko karibu na nyumba. Ni shimo. Mtoto wa miaka kumi na miwili akitaka kuonyesha kwamba amekuwa mwanaume, anashuka. Akibaki juu, wenzake wanamwita mutoto wa mama.

Tunasema hivi kwa sababu ya kijana mmoja ambaye hatutamtaja jina. Alikuwa wa kwanza kufika kila Jumamosi, tena alikuwa anasoma vizuri. Halafu akapotea. Tulipomkuta njiani alikuwa amepakaa vumbi mpaka kwenye kope, na taa imefungwa kichwani kwa mpira. Tukaanza kumhubiria: mtoto mwema hakai kwenye mashimo, masomo ndiyo kila kitu, na mengine kama hayo. Alitusikiliza kwa heshima. Akasema: "Bayaya, nyie mulisoma yote. Munakula nini?" Akaondoka. Tulibaki tumesimama pale kama nguzo. Wiki mbili hakuja, na kosa lilikuwa letu. Tulimwaibisha mtoto anayemsaidia mama yake kununua unga wa bukari.

Jumamosi iliyofuata hatukufundisha kitu. Tulisimulia hadithi ya Kalala Ilunga. Wengine wenu mliisikia kwa mababu, basi mtusamehe tukikosea mahali. Inasimuliwa kwa namna nyingi, na kila mzee anasema yake ndiyo ya kweli.

Kulikuwa na mfalme anaitwa Nkongolo Mwamba. Jina lake ni la upinde wa mvua, lakini msidanganyike na rangi, alikuwa mtu mkali, mlevi, asiyependa mtu mwingine ang'ae mbele yake. Siku moja akafika mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu nyingine kabisa, ambaye hali chakula mbele ya watu wala hacheki na mdomo wazi. Akapewa dada wa mfalme, Bulanda, wakazaa mtoto Ilunga. Baba akarudi kwao. Mtoto akabaki kwa mjomba.

Akakua. Na hapo ndipo hadithi inapoanza kuwa ya watoto, kwa sababu Ilunga alikuwa anamshinda mjomba wake katika mchezo. Wanacheza, mjomba anashindwa. Wanarudia, anashindwa tena, mbele ya watu. Mama wa mfalme akacheka, na mfalme kwa hasira akamzika akiwa hai. Hapa watoto wote walinyamaza. Msichana mmoja akauliza: "Mama yake mwenyewe?" Ndiyo, mama yake mwenyewe. Watoto wa hapa wanaelewa haraka sana kwamba mkubwa anayeogopa mdogo ni mtu wa hatari.

Mfalme akatafuta njia ya kumwua kijana bila kelele. Akaagiza wachimbe shimo, wasimamishe mikuki chini, halafu juu watandike mkeka. Akamwita Ilunga aje acheze ngoma mbele ya watu wote. Angecheza, angefika juu ya mkeka, mambo yangeisha, na watu wangesema ilikuwa ajali.

Bandugu, tulipofika pale kwenye mkeka, kabla hatujaendelea, mtoto mmoja wa Kasulo akaruka juu: "Ni kama kwetu! Ni kama ndani ya nyumba!"

Mnajua anachosema. Tangu mwaka 2014, mtu alipochimba katika kiwanja chake pale Kasulo akakuta kobalti, mtaa mzima uligeuka mashimo. Watu walichimba nyuma ya jikoni, walichimba chumbani, wakaweka turubai juu ili mvua isiingie na jirani asihesabu. Ukipita unaona nyumba, unaona turubai, unaona sahani zimeanikwa. Huoni shimo. Yule mtoto alikulia pale. Sisi tulisoma habari ya Kalala Ilunga universite, kwa vitabu vya wazungu, tukaandika mtihani juu ya asili ya ufalme wa Waluba, tukapata alama. Hatukuwahi kuliona lile shimo. Yeye aliliona kwa dakika moja.

Ilunga aliponaje? Si kwa nguvu. Aliokolewa na mpiga ngoma. Mpiga ngoma alijua kuna shimo. Hakuweza kupiga kelele, maana mfalme amekaa pale na watu wake. Basi akaliweka onyo ndani ya ngoma yenyewe. Ngoma ya kwetu inasema maneno, wazee wanajua. Ilunga anacheza, anasikia: angalia chini, angalia mbele ya mguu. Akachukua mkuki wake, akautupa kwenye mkeka, mkeka ukatoboka, shimo likaonekana mbele ya wote. Akaruka juu ya watu, akakimbia mpaka mto Lualaba. Ndiyo, huu Lualaba wetu, ambao jimbo letu lina jina lake tangu mwaka 2015. Akavushwa kwa mtumbwi, akamwambia mvushaji asivushe mtu mwingine. Mfalme akafika ng'ambo, akashindwa. Alijaribu hata kujaza mto mawe apite juu yake, mto ukakataa.

Mnajua mwisho. Ilunga akamfikia baba yake, akarudi na jeshi, Nkongolo akakatwa kichwa, na ufalme mkubwa ukaanzia pale. Watoto wa kiume walipenda sana kile kichwa. Sisi tulibaki na yule mpiga ngoma.

Kwa sababu tulijiuliza, hapa Kolwezi ngoma inapigwa na nani? Juni 2019 machimbo yalianguka hapa karibu na mji, wakafa watu zaidi ya 40, na kila mwaka kuna mengine madogo ambayo hayafiki hata redioni. Kila mara baada ya maiti kutolewa tunasikia watu wakisema: tulijua lile shimo ni bovu. Anajua mwenye shimo, anajua anayekaa juu anavuta kamba, anajua anayenunua magunia. Na sisi wenye diploma tunajua pia, tunapita, tunapiga picha. Sheria inajua: ile ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kazi za namna hii kwa mtoto, na tangu Septemba 2019 walisema masomo ya msingi ni bure. Lakini ngoma ya sheria imewekwa kwenye kabati. Inayosikika ni ya askari anayefukuza watoto Jumatatu kwa fimbo, na Jumanne wamerudi, kwa sababu njaa haikufukuzwa.

Yule kijana wetu, tuseme tu hivi, alirudi Jumamosi ya tatu. Alisikia kwa wenzake kwamba kuna hadithi ya shimo. Akaomba tuirudie yote. Alikaa nyuma, mikono imejaa michubuko, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali ambalo hakuna mwalimu wetu aliwahi kutuuliza: "Ule mupiga ngoma, balimulipa?"

Hatukuwa na jibu. Tukamwambia ukweli, kwamba kuna wanaosimulia kuwa mfalme alimwadhibu vibaya, akafa kwa sababu ya lile onyo. Akafikiri. Akasema: "Basi eye njo mukubwa kupita Ilunga." Tuliandika maneno hayo kwenye daftari siku ile ile, tusije tukayasahau.

Sasa tufike kwa maneno ambayo mzazi mmoja alituletea, tena kwa uso mzito. Alisema: hiyo ni hadithi ya Waluba. Hapa tuko Wasanga, Walunda, Wandembo, Watshokwe, Wabemba, kila mtu. Kwa nini mnawaletea watoto wetu mfalme wa watu wengine? Hatukumkasirikia. Wazazi wetu waliishi miaka ya 1992 na 1993 katika mji huu, waliona watu wa Kasai wakipakiwa kwenye treni na vitu vyao, jirani akimtupa jirani. Hofu ile haijaisha, imelala tu. Lakini tulimjibu kwa hadithi nyingine, na hii ni ya jimbo hili hili, ya upande wa Kapanga, kule Musumba kwenye makao ya Mwant Yav.

Kulikuwa na chifu mzee wa Walunda anaitwa Konde. Alikuwa na wana wa kiume, Kinguri na Chinyama, na binti anaitwa Lueji, wengine wanamwita Ruwej. Siku moja mzee amekaa anasuka mkeka, na pembeni yake kuna chombo cha maji anachololeza nyuzi. Maji yamekuwa meupe. Wana wakafika wamelewa, wakadhani baba anawanyima pombe. Wakamtukana, wakampiga. Lueji ndiye aliyemwinua baba, akamwosha, akamtunza. Mzee kabla ya kufa hakuwapa wale wanaume kitu. Lukano, ile bangili ya ufalme, alimpa binti.

Watoto wa kike walipiga makofi mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Na tuangalie jaribio lilikuwa nini. Lueji hakuua nyoka, hakupigana na mtu. Aliinua mzee kutoka chini. Sisi vijana wanaume wa kundi tulitazamana, kwa sababu katika mikutano yetu anayeonekana shujaa ni yule anayesema kwa sauti kubwa, na anayebaki kufagia na kurudisha viti ni dada zetu. Tuliliona. Hatujalimaliza, lakini tuliliona.

Halafu ndiyo utamu wa hadithi: Lueji aliolewa na nani? Na mwindaji, Chibinda Ilunga, mtoto wa ukoo wa Kalala Ilunga kutoka Uluba. Na Watshokwe, ambao walisimulia kisa hicho kwa uchungu mwingine kabisa, ndio waliochonga sanamu nzuri kuliko wote za yule mwindaji, na leo ziko katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Yaani Mluba, Mlunda na Mtshokwe wako ndani ya hadithi moja, wanagombana, wanaoana, wanakaa. Yule mzazi alicheka kidogo. Alisema wao nyumbani wanasema kwamba Kinguri ndiye alikuwa na haki. Tukamwambia: njoo Jumamosi uwaambie watoto hivyo. Alikuja. Alisimulia vizuri kutupita, na watoto wakagawanyika nusu kwa nusu.

Kuna moja ya tatu tunaipenda, ya ndugu zetu Wanyanga wa Walikale, kule Kivu ya Kaskazini, ambao nao wanaishi juu ya madini kama sisi. Ni ya Mwindo. Mzee mmoja, Candi Rureke, aliisimulia kwa siku kumi na mbili mwaka 1956, akiimba na kucheza, na wataalamu Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaitoa kitabuni mwaka 1969. Hatutaisimulia yote, tungelala hapa. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema, na mkononi ameshika usinga. Baba yake, chifu Shemwindo, alikuwa amekataza wake zake wasizae mtoto wa kiume. Anamtupia mikuki, haimpati. Anamzika, mtoto anatoka. Anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, mtoto anaimba ndani ya ngoma mpaka kwa shangazi yake Iyangura. Baadaye baba anakimbilia chini ya ardhi, na Mwindo anamfuata huko huko.

Chini ya ardhi, mnasikia? Watoto wetu walisogea karibu. Kule chini anakutana na msichana mwenye vidonda, Kahindo, ambaye kila mtu angemkwepa. Mwindo anamsafisha vidonda, na Kahindo anamwambia mitego yote ya mwenye nyumba: ukipewa kiti usikae, ukipewa chakula usile. Halafu anapewa kazi ya kuwaua watu, kwa mfano kupanda shamba la ndizi na kuvuna siku ile ile. Anashinda. Na baba yake anapomkamata hamwui. Anamrudisha kijijini, mzee anakiri makosa yake mbele ya watu wote, na wanagawana utawala.

Lakini kinachotufanya tuipende zaidi ni kinachofuata. Mwindo, baada ya ushindi wote ule, anaua joka ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, mwenye radi. Nkuba anamchukua mbinguni, anakaa huko mwaka mzima anapigwa na baridi, mvua na jua, mpaka anajifunza kwamba hata shujaa ana mipaka. Filamu tunazoangalia kwenye simu zinaishia pale shujaa anaposhinda. Wanyanga wanaendelea, wanamweka shujaa shuleni. Tungependa wakubwa wetu wa nchi nao wapelekwe kule kwa Nkuba mwaka mmoja tu, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Mtatuuliza: hadithi zinajaza tumbo? Hapana. Mama wa yule kijana alituuliza hivyo hivyo, akiwa amesimama mlangoni, na hatukujifanya wajanja. Tulichofanya ni kidogo. Tulichanga kati yetu, wasio na kazi wote, tukanunua madaftari na sare ya dada yake mdogo, kwa sababu tuligundua kwamba masomo ya bure yana malipo mengi ya pembeni, na yule kijana alikuwa anashuka shimoni hasa kwa ajili hiyo. Alikuwa na jaribio lake tayari, la Lueji, na sisi tulikuwa tunamwita mkosaji. Sasa hashuki tena. Bado anakwenda mtoni kuosha mawe siku mbili kwa wiki. Hatusemi tumemwokoa. Jumamosi nne za mwezi anakuja mbili, tatu.

Tunachoomba leo ni hiki. Wazee wanaojua hadithi, za kabila lolote, waje watupe, tuziandike kwa Kiswahili kabla hamjatuacha. Wachimbaji wakubwa mlio hapa, na tunajua mko, hatuwahukumu, wengi wenu tulikaa benchi moja: lile shimo mnalojua ni bovu, lisemeni kwa jina, kwa mahali, tutalipeleka mbele sisi kwa sauti yetu ili jina lenu lisitajwe. Na vijana wenye simu, acheni kupiga picha za watoto wakiwa na magunia kichwani na kuzitupa mtandaoni. Mtoto yule ana uso, ana mama.

Jumamosi iliyopita mama mmoja wa soko alituletea mkeka mkubwa, mpya, ili watoto wasikae chini kwenye vumbi. Tulimshukuru, tukautandika hapa mlipokaa. Watoto walisimama pembeni, hakuna aliyekanyaga. Halafu kasichana kadogo, hakajafika hata miaka saba, kakaenda kutafuta fimbo, kakarudi, kakauchoma mkeka katikati, pembeni, pembeni tena, kakausikiliza. Ndipo kakageuka kuwaambia wengine: "Mukae."

Jumamosi ijayo tunaanza saa tisa. Mwenye mkeka mwingine alete, huu hautoshi.